Baada ya polisi kuondoka

Mdogo wangu, ambaye ana maradhi ya akili, alipozidiwa mwaka jana, majirani waliita polisi. Walimtuliza bila kumpiga, nawashukuru sana, wakamfikisha hospitali. Basi, ikaishia hapo. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani hakuna aliyeuliza anaendeleaje, na mtaani watu walianza kumkwepa.

Aliyekuja kubisha hodi ni mhudumu wa afya ya jamii wa kwetu, mmoja wa wale laki moja waliopewa mikoba ya vifaa na serikali ya Kenya 2023. Akampima mama presha kwanza, kisha akaomba kuona dawa za kijana. Alivimimina vidonge kiganjani, akahesabu. Vya usiku havijaguswa! Kumbe vilimlaza hadi adhuhuri, naye akaona aviache kimyakimya. Yule mhudumu akampigia muuguzi wa kliniki papo hapo, na kijana akasogezewa tarehe ya kumwona daktari.

Sheria yetu ya Afya ya Akili ilirekebishwa 2022, na kaunti zina jukumu la kufikisha huduma hizi mashinani. Sasa naomba jambo moja: kituo cha polisi kikishampeleka mgonjwa, kimpigie mhudumu wa eneo lake siku hiyohiyo. Sisi tulimpata kwa bahati tu.