Libbpf moja kwa kerneli tatu

Libbpf ni maktaba ya kupakia programu za eBPF, yaani programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kerneli (kiini cha Linux). Ushauri wa "libbpf lazima ilingane na kerneli" umenipotezea muda mwingi, na bado nasikia vijana wakifundishwa hivyo hivyo. Najua unakotoka: maktaba hii inatunzwa ndani ya msimbo wa Linux, kwenye tools/lib/bpf, basi watu huiona sehemu ya kerneli. Siyo. Ina matoleo yake (1.0 ilitoka 2022), na ikianza kazi huipima kerneli iliyoikuta ijue inaweza nini.

Seva zangu ni mchanganyiko: Debian 11 yenye kerneli 5.10, Ubuntu 22.04 yenye 5.15, Debian 12 yenye 6.1. Nikafuata ushauri, nikajenga libbpf kutoka msimbo wa kila kerneli. Vifurushi vitatu, na kila kerneli ikisasishwa kazi inaanza upya. Baada ya jasho lote hilo, kwenye 5.15 programu yangu ya kufuatilia michakato ikakataliwa na kerneli: "invalid func unknown#195896080". Namba hiyo ukiiandika kwa heksadesimali ni 0xbad2310. Libbpf huipachika pale iliposhindwa kuipata sehemu uliyoitaja ya struct (muundo wa data wa lugha ya C). Nikachimba: programu yangu ilisoma `state` ndani ya task_struct, struct ambamo kerneli huweka taarifa za kila mchakato, na tangu 5.14 sehemu hiyo inaitwa `__state`. Ungelinganisha matoleo mpaka kesho, tatizo lingebaki palepale.

Dawa yake naipenda mno. Unaandika struct ya pili, `task_struct___old`, yenye `long state` peke yake. Libbpf ikikuta mistari ya chini mitatu (`___`) hupuuza kinachofuata, ikaenda kutafuta task_struct halisi kwenye /sys/kernel/btf/vmlinux, faili ambamo kerneli inayoendeshwa hueleza struct zake. Wewe unauliza kwa bpf_core_field_exists ni ipi iliyopo, unasoma hiyo. Preserve_access_index usiisahau kwenye struct hiyo: ni alama inayokiambia kikusanyaji (compiler) kiandike ni sehemu zipi unazisoma, ili libbpf izitafute.

Hapo nikavitupa vile vifurushi vitatu. Nikachukua libbpf kutoka hazina yake ya pembeni, nje ya msimbo wa kerneli, toleo moja jipya, nikaiunganisha kama libbpf.a ndani ya programu yenyewe. Libelf na zlib, maktaba ambazo libbpf inazihitaji, nikaziacha za mfumo. Jengea kwenye mashine yenye glibc (maktaba ya msingi ya C) kongwe kuliko zote. Kwangu ni Debian 11, yenye 2.31. Ukijengea kwenye mpya, kwenye mashine ya zamani programu itadai GLIBC_2.34, na haitaipata.

Sasa nanakili faili moja tu kwenye seva zote, na kerneli zimesasishwa bila mimi kujenga chochote upya. Kabla hujaanza, hakikisha /sys/kernel/btf/vmlinux ipo; isipokuwepo, mara nyingi kerneli ilijengwa bila chaguo la CONFIG_DEBUG_INFO_BTF.