Mzambarau: ukakasi ulimini, kazi mwilini

Msimu wa zambarau, ambazo sisi Uganda tumezoea kuziita jambula, huleta biashara mbili hapa Jinja. Ya kwanza ni ya watoto wanaozipanga kwa mafungu kando ya barabara, huku midomo yao ikiwa imegeuka rangi ya wino kwa sababu mchuuzi wa jambula hawezi kuacha kuonja mali yake. Ya pili ni ya watu wazima wanaouza unga wa mbegu zake katika pakiti ndogo za nailoni, na sifa inayotolewa mbele ya mteja huwa moja tu: unga huu unamaliza kisukari, na umetoka katika Ayurveda, tiba ya kale ya Wahindi. Mimi nauza dawa za hospitali, kwa hiyo huenda mtu akadhani kwamba naandika haya kwa wivu wa kibiashara. La hasha. Ninauheshimu mti huu, na nimesoma kuhusu Ayurveda kiasi cha kuona kwamba wauzaji hao wanataja sehemu ndogo mno ya yale ambayo Ayurveda yenyewe inasema, tena sehemu iliyo dhaifu kuliko zote.

Mzambarau si mti wa asili wa Uganda. Kwao ni Bara Hindi na nchi za kusini-mashariki mwa Asia, na katika ukoo wa mimea ni ndugu wa mkarafuu, mpera na mkaratusi. Ndiyo maana ukilifikicha jani lake kwa vidole unapata harufu kali inayokaribia ile ya tapentaini. Nchini India unajulikana sana hata jina lake limeingia katika dini, kwani maandiko ya kale ya Wahindu, Wabudha na Wajaini huliita bara wanaloishi binadamu Jambudvipa, yaani kisiwa cha mti wa jambu. Hapa kwetu umezoea udongo na mvua hata hauhitaji kupandwa: ndege na popo hula matunda na kutawanya mbegu, na miche huota nyuma ya nyumba pasipo mtu kuiomba.

Ili kuelewa jinsi waganga wa Ayurveda walivyoutumia mti huu, ni lazima kuanzia ulimini. Katika elimu yao kila chakula na kila dawa huainishwa kwanza kwa ladha, na ladha zipo sita: utamu, uchachu, chumvi, ukali wa pilipili, uchungu, na ile ya sita inayoitwa kashaya, ambayo ni ukakasi, yaani hali ya kinywa kukauka na ulimi kukwaruza anayoijua kila aliyewahi kung'ata ndizi mbichi. Tunda la mzambarau lililoiva lina utamu na uchachu kidogo, lakini ukakasi ndio unaobaki baada ya tunda kumezwa. Mbegu, majani na magome yana ukakasi mtupu. Kwa waganga hao, ladha ilikuwa dalili ya kazi ambayo kitu kingefanya mwilini. Kinachokausha kinywa, walifikiri, kitakausha na mahali pengine, kitakaza nyama iliyolegea, kitapoza joto na kuzuia kile kinachotoka kwa wingi kupita kiasi.

Ukishalishika wazo hilo, karibu matumizi yote ya mzambarau yanajipanga yenyewe. Magome huchemshwa na maji yake yakatumika kusukutua kinywa chenye vidonda au fizi zinazotoa damu. Maji hayohayo huoshea vidonda vya ngozi vinavyochuruzika. Juisi ya magome mabichi ilichanganywa na maziwa ya mbuzi ikapewa watoto wanaoharisha. Majani machanga ya mzambarau na ya mwembe huchemshwa pamoja, yakapoa, yakatiwa asali na kunywewa na anayetapika. Kuna pia mchanganyiko wa majani matano, panchapallava, ambao ndani yake mzambarau husimama pamoja na mwembe, mbalungi na miti mingine miwili ya Kihindi, nao hutumika hasa kwa maradhi ya kinywa. Majani makavu huchomwa, na majivu yake hupigiwa meno. Fizi, kidonda, tumbo, matapishi: ni kazi ileile ya kukausha na kukaza, ikihamishwa kutoka kiungo kimoja hadi kingine.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba hapa maelezo ya kisasa hayapingani na ya kale. Ukakasi hutokana na tanini, kemikali ambazo mzambarau unazo kwa wingi. Tanini hushikamana na protini. Zikikutana na protini zinazoyafanya mate yawe ya kuteleza, huzigandisha, na ulimi unabaki mkavu. Zikifika kwenye fizi au kwenye utando wa utumbo unaovuja majimaji, huukaza kwa namna hiyohiyo. Mganga wa miaka 2,000 iliyopita hakuwa na maabara, lakini alichokihisi mdomoni mwake kilikuwa ndicho kitu chenyewe kinachofanya kazi. Kwa hiyo, mtu akiniambia anasukutua maji ya magome ya jambula kwa ajili ya fizi, sina la kumkataza, mradi asidhani kwamba jino lililooza litapona kwa kusukutua. Kuhusu kuhara nina msimamo mkali zaidi, kwa sababu kinachomuua mtoto anayeharisha ni kuishiwa maji na chumvi. Mtoto huyo apewe ORS, yaani maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari maalumu, na vidonge vya zinki, na magome yangoje.

Sasa nije kwenye mbegu. Jirani yangu, bibi wa Kigujarati ambaye mtaa mzima humwita Ba kama wajukuu wake wanavyomwita, huandaa unga huu kila msimu kwa matumizi ya nyumbani kwake, na kumtazama ni kuona kazi isiyo na haraka hata kidogo. Mbegu huoshwa hadi nyama ya tunda iishe kabisa, kwa maana ikibaki hata nyuzi moja huvuta ukungu. Hutandazwa juu ya kitambaa barazani, zikageuzwa asubuhi na jioni, mpaka ganda lake jembamba lianze kupasuka lenyewe. Hapo Ba huketi na sinia mapajani, akalibambua ganda kwa kucha, na ndani hutoka kiini cha rangi ya kijani iliyofifia, ambacho hukatwa vipande na kurudishwa juani kwa siku nyingine kadhaa. Kikishakauka hulia kikivunjwa. Ndipo hutwangwa, kikachekechwa kwa kitambaa, na unga wa rangi ya udongo ukatiwa katika chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana. Siku moja nilimwonyesha pakiti niliyoinunua mjini. Aliinusa, akatia unga kidogo kwenye ncha ya ulimi, akaguna. "Hii wametwanga na ganda lake, mwanangu," alisema, "tena haikukauka. Tupa."

Kwa nini mbegu hizi zihusishwe na sukari? Jibu limo katika mantiki ileile ya ukakasi. Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu viwili vikuu vya tiba hiyo, kinayapanga mamia ya dawa katika makundi 50 yenye dawa kumi kumi kulingana na kazi zake, na mzambarau umo katika kundi la vitu vinavyozuia kutapika, katika kundi la vitu vinavyorekebisha rangi ya kinyesi, na unaongoza orodha ya vitu vinavyopunguza mkojo. Waganga hao walikuwa na elimu pana juu ya maradhi ya mkojo, ambayo waliyaita prameha na kuyagawa katika aina 20, mojawapo ikiwa madhumeha, mkojo wa asali. Walikwisha kuona kwamba mkojo wa wagonjwa hao huvutia sisimizi. Walikwisha kutambua pia kwamba wagonjwa ni wa namna mbili, wembamba wanaozaliwa na udhaifu huo na wanene walioupata kwa ulaji na kukaa bure, na kwamba tiba ya hawa si tiba ya wale. Ni ugunduzi wa kustaajabisha kwa watu waliotegemea macho, pua na ulimi tu.

Lakini hapa ndipo mantiki ya ukakasi inapofika ukingoni. Mgonjwa wa kisukari hukojoa sana kwa sababu sukari imezidi katika damu, figo zinashindwa kuirudisha yote, na sukari inayotoka huburuta maji pamoja nayo. Wingi wa mkojo ni matokeo. Dawa iliyochaguliwa kwa sababu inakausha na kuzuia imechaguliwa dhidi ya matokeo hayo, na hata ikifaulu kuupunguza mkojo, haijagusa kile kilichoyaleta. Inawezekana kabisa kwamba mbegu zina jambo jingine ndani yake lenye kushusha sukari, na wanasayansi wamelitafuta kwa muda mrefu. Mwishoni mwa karne ya 19, kabla insulini haijagunduliwa Toronto mwaka 1921, unga wa mbegu hizi ulifika Ulaya ukajaribiwa kwa wagonjwa ambao madaktari hawakuwa na la kuwapa zaidi ya kuwashindisha njaa. Tangu hapo panya wengi wa maabara wamenyweshwa dawa hiyo, na mara nyingi sukari yao imeshuka. Kwa binadamu habari imekuwa baridi zaidi. Kusini mwa Brazili, ambako watu hunywa chai ya majani ya mzambarau kwa ajili ya kisukari, watafiti waliilinganisha chai hiyo na glibenklamidi, kidonge cha hospitali cha kushusha sukari, kwa wagonjwa halisi. Kidonge kilishusha sukari, chai haikuishusha. Mtetezi wa mbegu ana haki ya kusema kwamba majani si mbegu, nami nakubali kwamba Ayurveda huitofautisha kila sehemu ya mti. Hata hivyo, anayeuza pakiti yenye neno "inamaliza" ndiye mwenye wajibu wa kuonyesha ushahidi, wala si mimi.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kulisikia kutoka kwa muuzaji yeyote. Kitabu kilekile cha Charaka, mahali kinapoorodhesha vitu vinavyoongoza kila kimoja kwa tabia yake, kinalitaja tunda la mzambarau kuwa la kwanza kati ya vyote vinavyozalisha vata. Vata ni ile nguvu ya upepo na ukavu mwilini ambayo, ikizidi, huleta gesi, tumbo kufunga, maumivu ya viungo na usingizi wa mang'amung'amu. Kwa maneno mengine, mti uleule uliosifiwa kwa kukausha umelaumiwa kwa kukausha. Ndiyo maana familia za Kihindi hula zambarau kwa kuzinyunyizia chumvi, huepuka kuzila tumbo likiwa tupu, wala hazizichanganyi na maziwa katika mlo mmoja. Wazee wenye choo kigumu huambiwa wazionje tu. Tiba iliyoandika madhara ya dawa zake waziwazi namna hiyo haistahili kuuzwa kama tiba isiyo na madhara, na nadhani mganga wa Ayurveda aliyesoma vizuri angekuwa wa kwanza kukasirika.

Kwa mgonjwa wa Uganda swali lina sura ya kawaida kabisa. Metformini na glibenklamidi zinapatikana, ingawa kwenye vituo vya serikali huisha mara kwa mara, na dawa zikiisha ndipo pakiti ya unga inapoonekana kuwa rahisi na ya karibu. Wapo wateja wanaoacha vidonge kabisa, na wapo wanaovichanganya na unga bila kumwambia mtu, ambao ni wengi zaidi. Kundi la pili linanitia wasiwasi kwa sababu tofauti: ikiwa mbegu zinashusha sukari hata kidogo, basi pamoja na glibenklamidi zinaweza kuishusha kupita kiasi, na mtu akatetemeka, akatoka jasho jembamba, akaanguka. Miongozo ya Kihindi hutaja kipimo cha gramu 3 hadi 6 za unga wa mbegu kwa siku, lakini vijiko vya watu havilingani, na pakiti za mtaani hazina kipimo. Mwenye upungufu wa damu, hasa mama mjamzito anayemeza vidonge vya madini ya chuma, asinywe unga au maji ya magome karibu na muda wa vidonge hivyo, kwa kuwa tanini huyashika madini hayo tumboni yasifyonzwe.

Tunayo sheria ya tiba asilia na tiba mbadala tangu mwaka 2019, tunayo mamlaka ya dawa inayosajili bidhaa za mitishamba, na pale Wandegeya, Kampala, ipo taasisi ya serikali inayochunguza dawa za miti. Anayetaka kuutumia unga wa mbegu pamoja na dawa zake na aanze kwa kutafuta bidhaa iliyosajiliwa, amweleze mhudumu wa kliniki yake, kisha apime sukari asubuhi kabla ya kula na saa mbili baada ya chakula, akiandika namba hizo daftarini. Namba zisipobadilika baada ya wiki kadhaa, fedha ya unga inunue mboga.

Kwa upande wa magome, ambayo mimi naona yana hoja nzito zaidi kuliko mbegu, shida yetu ni namna ya kuyavuna. Mizambarau kadhaa ya mitaani hapa Jinja imebanduliwa magome kuzunguka shina lote, na mti uliobanduliwa hivyo hufa, kwa sababu chakula kinachotengenezwa majanini hupita ndani ya magome kwenda mizizini. Ba huchukua kipande kisichozidi kiganja, upande mmoja tu, kutoka kwenye tawi nene badala ya shina, kisha hupaka jeraha udongo mbichi. Kipande hicho, kikikaushwa kivulini na kuvunjwavunjwa, huitosha nyumba yake kusukutua kwa miezi: kijiko kimoja kwenye vikombe viwili vya maji, yachemke hadi kibaki kikombe kimoja, yachujwe na yapoe. Hayamezwi.