Siku moja maishani mwangu: fundi wa kudarizi nembo, Mwanza

Saa 12 asubuhi nimo kwenye daladala kutoka Igoma. Saa 1 na nusu kibanda changu cha Makoroboi kiko wazi, mashine imetiwa mafuta. Hadi saa 4 nimetoa nembo 40 za sare za shule.

Saa 4 na robo akaingia mwalimu wa klabu ya sayansi. Anataka nembo ya duara, sentimita 8, na mfano anao kwenye simu: ile ya safari ya Apollo 11, tai akitua mwezini na tawi la mzeituni kwenye makucha. Naipenda mno nembo ile. Aliichora Michael Collins, mmoja wa wanaanga watatu wa safari hiyo ya 1969. Kwanza tawi lilikuwa mdomoni. Makucha matupu yakaonekana yanatisha, ndipo likashushwa.

"Safi. Sasa zungushia majina ya wanafunzi, wote 23."

Nikamweleza kwamba herufi ikishuka chini ya milimita 4, tundu la A linaziba, jina linakuwa donge la uzi. Akasema mashine ya kompyuta haishindwi na kitu. Watu wengi huamini hivyo, kwamba sisi tunabonyeza tu kitufe. Nikamdarizia jina moja kwenye kipande cha jinzi. Akakisogeza mlangoni penye mwanga, akakigeuza, akashindwa kusoma jina alilolitaja mwenyewe. Bado akang'ang'ania. Umeme ukakatika. Tukaendelea kubishana gizani, jasho linatutoka, wateja wawili wakachungulia wakaondoka. Umeme ukarudi, uzi ukakatika mara tatu, sindano ikavunjika.

Nikamwambia, "Mwalimu, Collins na wenzake makusudi hawakuweka majina, ili nembo iwe ya kila aliyeitumikia safari ile."

"Hata ya kwao wenyewe?"

"Hata ya kwao."

Akakaa kimya, halafu akasema, "Basi toa na tai wao. Weka furukombe wetu."

Chakula cha mchana sikukigusa. Nilichora mpaka macho yakawasha: kichwa na kifua vyeupe, mabawa meusi, mishono ikilala kufuata manyoya, sato kwenye makucha, chini mawe ya Mwanza na ziwa. Majirani wameshafunga, mgongo unauma. Nakata nyuzi za nyuma ya nembo ya kwanza. Jicho la furukombe ni mishono sita tu, na linatazama.