Mbona sisi tunazaa joto hilihili?

Nguo nimeshakunja, banda nimeshafunga, watu wamelala, na sauti ya wifi bado imo masikioni. Ni yule mkubwa wao, mwenye ulimi wake. Mnaosoma hapa tangu ile habari ya mbuzi na mwavuli hamna haja ya kuelezwa zaidi.

Jumamosi alikuja tena na jike lake la sungura kwenye kikapu, kulipandisha kwa Bwana Harusi, dume langu. Nikampokea kama inavyopasa: shikamoo wifi, marahaba mama, habari za huko, karibu maji. Tukamtia jike ndani ya kizimba cha dume. Jike akaenda kujikunyata pembeni, mkia ameubana. Bwana Harusi alikuwa amelala ubavu, miguu ya nyuma ameinyoosha, masikio mekundu, pua inacheza haraka haraka. Hata kichwa hakuinua.

Wifi akashika kiuno.

"Wifi, dume lako hili ni la kupiga picha tu."

"Si yeye, wifi. Ni joto."

"Joto?" Akawageukia waliokaa barazani ili wasikose. "Mbona sisi tunazaa joto hilihili?"

Watu wakacheka. Haya, na wacheke, ndiyo kazi ya baraza. Lakini baba watoto naye alicheka, tena kile kicheko chake cha kujipiga paja, na mimi nikabaki nimeshika mlango wa kizimba nikitabasamu. Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu, na utani wa wifi haungoji jibu refu.

Wiki hii baba watoto amepata barua ya uhamisho, bibi ametoka hospitali anatembea kwa fimbo, na upepo umeng'oa bati la jikoni. Hayo nitayaandika siku nyingine. Mimi wiki nzima nimekuwa nikiosha vyombo na kumjibu wifi.

Jibu la kwanza lilinijia nikiwa nabadilisha maji ya sungura, usiku uleule. Wifi, sisi tunatoka jasho! Wewe ulipokuwa umesimama pale kanga ilikuwa imelowa mgongoni, na upepo kidogo tu ukipita unapoa. Sungura hana jasho la kumpoza, na hilo koti la manyoya halivuliki. Joto la mwili wake linatokea zaidi masikioni, kwenye ile mishipa unayoiona ukimwinulia sikio mwangani, na puani kwa kuhema. Hewa ikiwa nyuzi 15 hadi 20 hivi anastarehe. Ikipita 30 anaanza kuhangaika. Siku ile kipimajoto nilichofunga kwenye nguzo ya banda kilisoma 36 alasiri, na mwili wa sungura mwenyewe ni nyuzi 39 hivi. Sasa hilo joto la mwilini alipeleke wapi? Ndiyo maana hata feni inanichekesha ninapoiona imefungwa bandani peke yake, inapuliza hewa ya moto juu ya mnyama asiyetoka jasho. Inafaa kuondoa harufu ya mkojo, na inafaa ukitundika gunia lililolowa mbele yake. Bila hivyo unamuunguzia umeme tu.

Jibu zuri. Lakini nikijifanya wifi, naona angesema: haya, ana joto, basi usiku kukipoa mbona hakuna anayeshika mimba?

Kwa hiyo likaja la pili, na hili ndilo nililitengeneza kwa muda mrefu zaidi. Mbegu anazotoa dume leo hazikutengenezwa leo. Zilianza kutengenezwa karibu wiki 7 zilizopita. Joto kali la siku chache mfululizo likizipata zikiwa bado zinatengenezwa, zinatoka chache, dhaifu, nyingine zimekufa. Usiku mmoja wa ubaridi hauzirudishi. Dume anaweza kupona kabisa kwa macho, akala, akacheza, akampanda jike, akaanguka ubavu na ule mlio wake wa ushindi, mkashangilia, na mwezi ukapita kisanduku cha kuzalia kitupu. Kiangazi kinaisha, watu wanasahau, yeye bado analipa. Inaweza kuchukua miezi miwili hivi. Na huyu wangu ni mkubwa wa mwili, manyoya mazito; hawa ndio joto linawaonea zaidi kuliko wale wadogo wembamba.

Hili nilimsomea baba watoto kitandani. Akasema "Mmh." Kisha akauliza kama barua imetaja posho ya uhamisho.

La tatu linahusu jike la wifi mwenyewe, na hapo nakiri nilikuwa na ukali kidogo. Jike wa sungura hatoi mayai mpaka apandwe. Yanatoka baada ya saa 10 hivi hadi 12. Akikataa kupandwa, hakuna kitu. Na kwenye joto anakataa, kama alivyojikunyata yule mbele ya macho yetu sote, lakini nani alimcheka yeye? Aliyechekwa ni Bwana Harusi. Wapo wanaokubali na kushika, halafu mimba changa zinapotea ndani kimya kimya, ukingoja wanane unapata watatu. Ninachokiogopa zaidi ni wiki ya mwisho ya mimba. Jike mzito, tumbo limejaa, hamu ya kula hana, joto linapanda: huyo anaweza kulala mchana asiamke. Mimi kabla ya kupandisha nahesabu siku 31 mbele, na kama hesabu inaangukia kwenye moto mkali, naacha. Wafugaji wenzangu wengi wanaona kukaa miezi bila kupandisha ni hasara. Mimi naona hasara ni kumzika mama na watoto wake tumboni. Hapo hatutakubaliana na sijali.

Wifi jike lake namtia kizimbani kwa sababu ni wifi. Mwingine ningemrudisha getini.

Basi nikawa na majibu matatu yenye hoja na hakuna hata moja linaloweza kusemwa kabla watu hawajamaliza kucheka.

Jumatano mchana nilikuwa sakafuni chumbani, mkono ndani ya kisanduku cha watoto wa Mama Kanzu, jike wangu. Alizaa mwishoni mwa wiki iliyotangulia, mimba ya mwisho ya Bwana Harusi kabla jua halijawa jua; kadi ya kizimba inaonyesha. Amezaa wanne, na si kawaida yake. Manyoya alijinyofoa mengi mno, amewafunika mpaka juu, mama ni mama hata kukiwa na moto. Niliwakuta wametawanyika, kila mmoja kona yake, matumbo yamegusa mbao, ngozi nyekundu inang'aa. Wakisikia baridi wanarundikana. Wakitawanyika hivyo ujue wanaungua. Nikatoa manyoya zaidi ya nusu nikayatia kwenye mfuko wa karatasi, nitayarudisha hali ya hewa ikibadilika. Kisanduku chenyewe mchana nakileta ndani, jioni nakirudisha kwa mama yao, kwa sababu ananyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika chache, na hapendi kufanya hivyo watu wakimtazama. Binti yangu anawaangalia kwa kuinama mpaka pua yake inakaribia kuwagusa. Macho yao hayajafumbuka bado, yanafumbuka karibu siku ya 10.

Simu ikaita. Wifi.

Hakuna salamu. "Wifi, huyu jike ananifia."

"Anafanyaje?"

"Amelala, mdomo wazi, pua imelowa. Masikio yanachoma. Nimwagie maji ya friji?"

"Hapana! Hapana wifi, usimwagie. Ukimtosa kwenye maji ya baridi ghafla mwili utashtuka, atakufa mikononi mwako. Mtoe hapo, mpeleke bafuni, mlaze kwenye saruji. Lowesha kitambaa kwa maji ya kawaida, umpanguse masikio. Masikio tu. Usimlazimishe kunywa."

Nikamsikia anakimbia na simu, ndala zinapiga sakafu. Nikasikia mlango, bomba, na sauti ya mtoto wake ikilia. Akamwambia, "Shika polepole, usimbane, polepole mwanangu." Sikuwahi kumsikia wifi akisema kitu polepole.

"Una barafu?"

"Ninayo chupa imeganda."

"Ifunge kwa kitambaa, iweke karibu na ubavu wake. Akiitaka ataisogelea."

Tukakaa hivyo. Mimi mkono mmoja bado umo kwenye kisanduku, mtoto mmoja wa Mama Kanzu amenilalia kwenye kidole, naona tumbo lake dogo linapanda na kushuka. Upande wa pili napata pumzi za wifi tu. Katika muda wote ule sikukumbuka jibu hata moja kati ya yale matatu.

"Wifi."

"Naam."

"Amesogea kwenye chupa. Anailamba." Kisha, baada ya kimya, "Ameinua kichwa."

Nikamwambia asimrudishe kizimbani mpaka jua lishuke, chakula ampe usiku, na lile bomba lake jeusi linalopita juani alifunike, kwa sababu sungura akikuta maji ya moto hanywi, na asipokunywa hali. Akaitikia kila neno, ndiyo, ndiyo, mama. Nilidhani atakata simu.

"Na dume wako," akasema, "anaendeleaje?"

Si utani. Nimeirudia sauti ile kichwani karibu sawa na ile ya Jumamosi, naichunguza, na si utani.

"Anapumzika, wifi."

"Haya. Apumzike."

Baba watoto aliporudi nikamsimulia. Akataka kucheka, akaniangalia, akaacha. Halafu akapanda juu ya banda kutandika makuti niliyomwomba tangu kiangazi kinaanza, na saa nane ya leo kipimajoto hakijafika 33.

Kuna lingine linanikosesha usingizi. Nimelifungua daftari la hesabu la binti, na kila penye 8 ubaoni yeye amenakili 3. Si kwenye kujumlisha. Kujumlisha amepatia, kwa namba alizoziona yeye. Nikamuuliza anakaa wapi darasani, akasema nyuma, karibu na dirisha. Baba yake alivaa miwani akiwa na umri huohuo. Anasema tungoje tukishahamia huko tuendako, tutatafuta pa kumpima. Mimi nataka apimwe wiki ijayo, kabla ya mtihani, na fedha iliyopo ni ile ya bati la jikoni.