Kona ya mama sebuleni: nilivyoipanga

Marehemu mama aliacha kanga, picha, mbuzi ya kukunia nazi na sauti yake kwenye simu. Sikutaka makumbusho ya kutazamwa kwa mbali. Nilitaka mahali pa kukaa, kunywa kahawa na kumtaja. Ndiyo maana kiti kilitangulia, mapambo yakafuata.

Nilichagua ukuta wa ndani. Huku Pwani ukuta wa nje hufyonza unyevu wakati wa masika, na jua la dirishani hupausha picha na kanga kwa pamoja. Taa ni LED ya mwanga wa njano, kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga), imewekwa usawa wa bega la aliyeketi. Mwanga mweupe hufanya kona ifanane na duka la dawa.

Doti moja ya kanga ilitosha. Kipande kimoja kimebaki kizima, cha pili kikaenda kwenye cherehani. Kabla ya kuifua, bonyeza kitambaa cheupe kilicholowa juu ya pindo. Kikitoka na rangi, ifue peke yake kwa maji baridi, bila jiki, uianike kivulini. Kanga mpya nayo ifuliwe, kwa sababu wanga wake huita mende.

Mto wa sentimita 45 kwa 45 unahitaji uso wa 48 kwa 48 na vipande viwili vya nyuma, kila kimoja 48 kwa 32, vinavyopandana katikati ili usihitaji zipu. Kanga ya 150 kwa 110 hutoa mito miwili. Ila pima jina kwanza: likizidi upana wa mto, “Nani kama mama” itabaki “kama ma”. Kanga yenye jina refu itandike kwenye mgongo wa kiti bila kuikata. Kanga iliyovaliwa miaka mingi huwa nyepesi, ishonee bitana ya marekani, kitambaa cha pamba, iliyokwisha kufuliwa, la sivyo bitana itajikunja na mshono utachanika.

Picha za ukutani ni nakala. Zile za asili nilizipeleka zikaskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi, kisha zikalala kwenye bahasha za karatasi ndani ya kabati, mbali na jiko na bafu. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu. Picha iliyokwisha kugandana na kioo usiibandue, rangi yote itabaki kwenye kioo. Ipigwe nakala hivyo hivyo ilivyo. Kwa fremu mpya, mwambie fundi aweke paspatu, ule ukingo wa kadibodi unaotenganisha picha na kioo. Nyuma, pembe za chini, gundisha vipande vya raba ili hewa ipite. (Kama mnaswali chumba hichohicho, picha zikae upande usio wa kibla.)

Bapa la mbuzi lina kutu kidogo. Nililisugua kwa msasa laini na kulipaka mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi huvunda. Ukiona unga mlaini chini ya kibao, kuna wadudu wa mbao: kitoe nje na kukitibu kabla hakijaambukiza kiti.

Chetezo nimekiweka mbali na fremu, maana moshi wa udi huacha utando wa mafuta kwenye kioo.

Sauti zake za WhatsApp nilizihamishia kwenye kompyuta na flashi mbili, moja iko kwa dada. Faili huishia na .opus na programu ya VLC huzicheza. Zipe majina yanayoeleweka siku hiyohiyo: “mama, mapishi ya mkate wa kumimina”.