Jina la seva kwenye TLS: usiliache libaki stringi

Katika programu nyingi zinazofungua muunganisho wa TLS (itifaki inayosimba mawasiliano ya mtandao), jina la seva hupita kama stringi ya kawaida. Hutoka kwenye faili la mipangilio, likapewa DNS (mfumo unaogeuza majina kuwa anwani za IP), likapewa maktaba ya TLS, mwisho likaandikwa kwenye kichwa cha Host cha ombi la HTTP. Likikubali, hakuna anayeuliza. Likikataa, wengi hukimbilia kuzima uhakiki wa cheti, na usalama wote unapotea kwa sababu ya nukta moja iliyozidi.

Stringi hiyo inafanya kazi tatu. Inatafutiwa anwani ya IP. Inatumwa ndani ya ClientHello, ujumbe wa kwanza wa mteja, kwenye kiendelezi cha SNI kinachotaja jina la seva, ili seva yenye tovuti nyingi kwenye IP moja ijue itoe cheti kipi. Kisha inalinganishwa na majina yaliyomo kwenye cheti. Kila kazi ina masharti yake, na hitilafu nyingi huanzia hapo.

Chukua `example.com.` yenye nukta mwishoni. Kwa DNS ni jina halali, na nukta hiyo ina maana: usiongeze kiambishi chochote cha mtandao wa ndani. Kwa SNI ni kosa, kwa kuwa RFC 6066, waraka wa kanuni za SNI, inataka jina la ASCII lisilo na nukta ya mwisho. Kwenye cheti pia nukta hiyo haimo. Maktaba nyingine huiondoa zenyewe, nyingine hazigusi kitu, kwa hiyo iondoe mwenyewe kabla ya kuingia TLS na umwachie DNS jina kama lilivyokuja.

RFC hiyohiyo inakataza kuweka anwani ya IP kwenye SNI. Hata hivyo, kuunganisha TLS kwa anwani ya IP kunaruhusiwa: mteja haweki SNI, halafu analinganisha anwani na sehemu ya iPAddress ndani ya subjectAltName, orodha ya majina na anwani za cheti. Humo anwani huandikwa kwa baiti ghafi, 4 kwa IPv4 na 16 kwa IPv6. Kwa hiyo cheti chenye `DNS:192.0.2.10` hakifai kitu kwa mteja anayefuata kanuni, ingawa kwa macho kinaonekana sawa. Anayetengeneza cheti cha ndani kwa `openssl req` aongeze hivi:

`-addext "subjectAltName=DNS:seva.example,IP:192.0.2.10"`

na akague matokeo kwa `openssl x509 -in cheti.pem -noout -ext subjectAltName`. Kama bado unategemea CN (Common Name, sehemu ya zamani ya jina kwenye cheti) peke yake, acha. Go iliacha kuitazama kuanzia toleo 1.15 la mwaka 2020, na haiko peke yake.

Kwa hiyo jina la seva ni mojawapo ya vitu viwili, jina la DNS au anwani ya IP, na ni vizuri aina ya data iseme hivyo. Maktaba ya rustls ya Rust imefanya hivyo waziwazi. `ServerName` ni enum, yaani aina yenye chaguo zilizotajwa, hapa `DnsName` na `IpAddress`, na huwezi kuunda `ClientConnection` bila kuwa nayo:

`let jina = ServerName::try_from(host)?.to_owned();`

Ile `to_owned()` inahitajika pale `host` inapokuwa `&str`, kwa sababu muunganisho unataka `ServerName<'static>`. Faida kubwa iko kwenye alama ya `?`. Mtu akiweka `example.com:443` au `https://example.com` kwenye mipangilio, kosa linajitokeza hapohapo, kabla ya soketi kufunguliwa. Kwenye lugha zinazopokea stringi ya kawaida, takataka hiyo inaweza kusafiri hadi kwenye SNI na kurudi kama malalamiko kwamba cheti hakilingani, nawe ukapoteza muda kukagua cheti kisicho na kosa.

Ukijitengenezea aina kama hiyo, jaribu kwanza kusoma anwani ya IP, ndipo ujaribu DNS. Tumia `inet_pton`, si `inet_aton`. Hiyo ya pili inakubali `127.1`, na `010` inaisoma kama 8. IPv6 ikitoka kwenye URL, vua mabano ya mraba. Kwa DNS, kila kipande kisizidi herufi 63 na jina zima 253. Jina lenye herufi nje ya ASCII ligeuze kwanza: `bücher.example` huwa `xn--bcher-kva.example`. Kushusha herufi kubwa kufanyike kwa ASCII pekee. Ukifuata kanuni za lugha ya watu iliyowekwa kwenye kompyuta, kwenye Kituruki `I` haitakuwa `i`.

Mtego mbaya kuliko yote uko kwenye maktaba ya OpenSSL. `SSL_set_tlsext_host_name` inatuma SNI tu. Haihakiki chochote. Bila `SSL_set1_host`, cheti halali cha kikoa chochote kile kitapita, na bila `SSL_set_verify` yenye `SSL_VERIFY_PEER`, hata kisicho halali kitapita. Kwa anwani ya IP tumia `X509_VERIFY_PARAM_set1_ip_asc`. Python hukusanya yote kwenye `server_hostname` ya `wrap_socket`, mradi muktadha umetoka `create_default_context()`. Go hujaza `ServerName` yenyewe ukitumia `tls.Dial`, lakini kwa `tls.Client` ni lazima uijaze.

Kosa lingine la kila siku ni kutafuta IP mapema kisha kuipa TLS hiyo IP badala ya jina. SNI haiendi, seva inatoa cheti chake cha msingi, uhakiki unakataa. Fungua soketi kwa IP, lakini jina libaki lilelile la awali. Kupima bila kugusa DNS: `openssl s_client -connect 192.0.2.10:443 -servername example.com -verify_hostname example.com`, au `curl --resolve example.com:443:192.0.2.10 https://example.com/`.

Kuhusu nyota kwenye majina ya cheti: `*.example.com` inashika `a.example.com`, haishiki `example.com` wala `a.b.example.com`.

Mwisho, kama programu inahifadhi miunganisho ili iitumie tena, ufunguo wa hifadhi uwe jina la seva pamoja na poti, usiwe IP. Ukitumia IP, ombi la tovuti moja litaingia kwenye muunganisho uliofunguliwa kwa SNI ya tovuti nyingine. Seva makini itajibu 421, yaani ombi limefika pasipo pake. Isiyo makini itakupa ukurasa wa tovuti ambayo hukuiomba.