Miezi 16 bila kutaja pesa

Siku ya kwanza nilimpelekea Mzee andiko la mradi la kuomba fedha, kurasa 11, tena kwa Kiingereza, na majedwali ya bajeti nyuma. Mzee ana mabasi yanayokwenda Lushoto na Handeni kutoka hapa Tanga. Nilimkuta gereji, kakaa juu ya tairi. Alilipokea kwa heshima, akalikunja, akaliweka chini ya kikombe cha kahawa. "Tutaangalia, mwanangu." Nimezaliwa mji huu, najua "tutaangalia" ina maana gani.

Natafutia fedha kituo kidogo kinachotibu watoto waliozaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kwa ndani. Tiba yenyewe haitaki mashine kubwa. Mtoto anafungwa plasta, inabadilishwa kila wiki, mara 5 au 6 hivi, na wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino. Kazi ngumu huja baadaye: viatu vilivyounganishwa kwa chuma, miezi 3 ya mwanzo usiku na mchana, kisha usiku tu mpaka mtoto afikishe miaka 4 au 5. Mama akiacha njiani, mguu unajikunja upya.

Nilirudi gereji baada ya wiki 3, mikono mitupu. Nikarudi tena. Mdogo wake alipofariki nilikwenda msibani, nikakaa jikoni na kina mama tukaosha masufuria. Nitakuwa mwongo nikisema kituo hakikunijia akilini hata mara moja, lakini ningekwenda tu. Nilikuwa na daftari: hapigiwi simu baada ya alasiri, kahawa yake haina sukari, hataki jina lake kubandikwa ukutani. Bosi wangu alikuwa na swali moja tu kila mwisho wa mwezi: "Ametoa?"

Mwezi wa 7 alitoa mwenyewe, shilingi 200,000 za plasta. Nilinunua, nikamrudishia risiti na chenji, 13,500. Aliihesabu mara mbili, kisha akamwita karani wake aje aone.

Halafu mtoto mmoja wa Handeni, niliyekuwa nimemsimulia Mzee habari zake, akapotea kliniki. Aliporudi mguu ulikuwa umeharibika tena. Ofisini niliambiwa nisimwambie Mzee, nimpelekee picha za waliopona. Sikulala vizuri usiku ule. Asubuhi nilikwenda nikamweleza yote.

"Mama yake aliacha kwa nini?"

"Nauli, Mzee."

Alinyamaza, akatazama mabasi yake. Wiki iliyofuata makondakta wote wa njia ya Handeni walikuwa na agizo: mama mwenye kadi ya kliniki hatozwi.

Mwezi wa Shaabani akaniita, akauliza kituo kinakula kiasi gani kwa mwaka. Nilitaja milioni 18, sauti ikinitetemeka. Akauliza kama zaka yake inaweza kuingia humo. Hapo ningeweza kusema ndiyo nikaondoka na pesa. Nilimwambia zaka ina makundi yake 8 ya wanaostahili kupewa, nami si sheikh, amuulize wake. Alikwenda, akarudi na uamuzi: nauli na chakula cha familia maskini zitoke kwenye zaka, plasta na mishahara zitoke kwenye sadaka yake ya kawaida. Kwa hiyo tunatunza vitabu 2 vya risiti na akaunti 2, na mhasibu wetu bado ananinung'unikia kwa usumbufu huo. Milioni 18 zilikuja kwa awamu 3. Tangu siku ya lile andiko ilikuwa imepita miezi 16, na kiasi nilikitaja mara hiyo moja tu, nilipoulizwa.

Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wenzangu wa mashirika mengine walianza kunipigia wakitaka namba ya Mzee. Sikuitoa. Niliwaambia gereji iko wapi na waende asubuhi. Mmoja alikwenda, akarudi siku hiyohiyo akilalamika kuwa ameambiwa "tutaangalia". Sijui kama alirudi tena.

Lile andiko langu bado lipo pale. Juzi nimeliona chini ya kopo la grisi, kurasa zote 11.